Elinipa alitunga, besi likamjibu Gadiel

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Kijenge. Elinipa Nnko anasimama katikati ya karakana yake, anainua tarumbeta, anapiga mstari mmoja wa wimbo, kisha analishusha na kusubiri.

Mbele yake, juu ya kreti la soda, limekaa tarumbeta kubwa la besi lililobonyea ubavuni. Halina mpigaji. Ndani ya mdomo wake mpana imefungwa spika, na waya wa spika hiyo unaishia kwenye kompyuta iliyowekwa pembeni ya benchi la kulehemu. Maikrofoni ndogo inaning'inia kutoka darini.

Besi linatoa sauti moja fupi ya chini. Kisha kimya.

"Umesikia?" anasema Elinipa. "Kama mtu anayeitikia salamu huku anatafuta funguo zake."

Anapiga tena mstari uleule, safari hii kwa nguvu. Besi halisemi kitu.

Mlango unasukumwa. Anaingia Gadiel Akyoo, fundi ujenzi, mpigaji wa sauti ya tenor katika kikundi cha matarumbeta cha usharika wao. Kabla hata ya kusalimia anatoa tarumbeta lake kwenye mfuko na kupiga sauti tatu za mzaha, kama mtu anayebisha hodi.

Besi linaamka. Linashuka ngazi kwa ngazi, linazunguka, linapanda taratibu na kutua palepale Gadiel alipoachia. Halafu linamsubiri. Gadiel anacheka, anaongeza sauti mbili. Linamjibu tena, kwa upana zaidi.

"Habari za asubuhi, Mama Ezra."

"Nzuri. Na hilo usilizoeze."

"Mimi nimebisha hodi tu."

"Basi umefunguliwa. Kaa."

Elinipa anachukua beseni na kwenda nje kusuuza vipande vya kupulizia ambavyo vilishasuuzwa jana.

Mfumo unaoendesha besi hilo ni wa akili mnemba: unasikiliza ala inayopigwa na kuijibu papo hapo kwa sauti zake wenyewe. Elinipa alishiriki kuutengeneza. Wimbo unaotakiwa kupigwa nao ameutunga yeye. Lakini tangu mfumo uanze kufanya kazi, mtu unayemjibu ni mwingine, na Elinipa hafichi kwamba jambo hilo linamuumiza.

"Ni wivu," anasema. "Nimelitafutia jina lingine, sikulipata."

Ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, katika nyumba ambayo tarumbeta lilitundikwa ukutani juu ya picha ya harusi ya wazazi. Baba yake alilipiga kanisani. Alipoamua kumrithisha mtoto ufundi huo, alimwita mwanawe wa kiume.

"Kaka alipewa tarumbeta, mimi nikapewa ndoo ya maji," anasema Elinipa. "Nilikuwa nawasikiliza kutoka jikoni, naimba sauti ya pili peke yangu. Nilikuwa najua wapi kaka anakosea kabla baba hajamwambia."

Kaka alipokwenda kutafuta maisha Mererani, tarumbeta lilibaki ukutani. Elinipa alilitungua bila kuomba ruhusa. Baba yake alimsikiliza siku kadhaa pasipo kusema neno, kisha jioni moja akamwambia kwamba pumzi yake inaisha kabla ya mstari.

"Hakusema napiga vibaya. Alisema pumzi. Nikajua nimekubaliwa."

Leo anaendesha maisha kwa kutengeneza matarumbeta ya vikundi vya sharika, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River. Ananyoosha yaliyobonyea, anaziba matundu, anabadilisha spring za valvu. Mwezi mzuri, hasa kuelekea Pasaka au harusi za Desemba, anapata kama laki tatu. Mwezi mbaya anategemea migomba na mshahara wa mumewe, Hans, msimamizi wa upakiaji mboga katika shamba moja Usa River.

Kutunga ni kazi ambayo haimlipi. Anaandika kwa nota za solfa, kwa penseli, kama walimu wengi wa kwaya. Nyimbo zake nyingi ni za mazishi, na kikundi chao huzipiga mara kwa mara. Wanaojua kwamba ni zake ni wachache.

"Mtu akimaliza kulia haulizi nani katunga," anasema.

Derick Mosha alifika karakana hapo akiwa na tarumbeta la mjomba wake, lililokanyagwa kwenye harusi. Anafundisha kompyuta katika chuo kimoja jijini na ana umri wa miaka thelathini. Akiwa anasubiri, aliliona besi lililotundikwa juu ya mlango na kuuliza kwa nini halipigwi.

Elinipa alimweleza kwamba mpigaji wake alihamia Dodoma na valvu zimekufa kabisa.

"Mama, hili halihitaji valvu," Derick alimwambia. "Linahitaji masikio."

Alikuwa tayari anaujaribu mfumo wake kwa gitaa. Kilichokosekana ni muziki wa kuufundishia. Elinipa alikubali kushirikiana naye kwa sharti moja: usifundishwe kwa bendi za nje.

"Sikutaka besi la Ulaya. Nilitaka lijibu kama mtu aliyesimama na sisi makaburini."

Rekodi za kikundi chao zilikuwa kwa mtu mmoja tu. Paskalina, mke wa Gadiel, anauza vitenge kwenye soko la Ngaramtoni, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akirekodi kwa simu karibu kila mazishi na harusi ambayo kikundi kilipiga. Aliombwa kadi yake ya kumbukumbu, akaitoa siku hiyohiyo. Derick aliulisha mfumo wake rekodi zote. Elinipa akaanza kutunga.

Kazi yake inaitwa "Zamu". Inachukua dakika tisa, kwa tarumbeta moja la soprano na besi lisilo na mtu. Sehemu za tarumbeta zimeandikwa nota kwa nota. Sehemu za besi ni visanduku vitupu vilivyochorwa kwa rula, na ndani ya kila kisanduku kuna masharti: usirudie ulichosikia, usipande juu ya sauti ya so, ukiachiwa sauti ndefu, shuka.

"Simwandikii la kusema," anaeleza. "Namwandikia adabu."

Machi mwaka huu "Zamu" ilichaguliwa kupigwa kwenye tamasha la muziki litakalofanyika Agosti katika bustani ya loji moja Usa River. Ingekuwa mara ya kwanza jina la Elinipa kuchapwa kwenye ratiba. Zaidi ya hapo, ingekuwa mara ya kwanza asimame mbele ya watu peke yake, pasiwepo jeneza wala bibi harusi wa kutazamwa badala yake.

Alianza mazoezi. Besi lilimjibu kwa sauti moja moja. Derick alisogeza maikrofoni, akabadilisha spika, akapunguza mwangwi wa chumba. Hakuna kilichobadilika. Kisha siku moja Gadiel alikuja kuchukua tarumbeta lake, ambalo wakati huo alikuwa akiliweka hapo karakana, akalijaribu kidogo kabla ya kuondoka. Besi lilimjibu kwa dakika nzima.

Habari zilifika kwenye kikundi. Kila Gadiel alipochelewa mazoezi ya kanisani, aliambiwa mke mdogo anamuulizia. Paskalina, ambaye hukaa kwenye mazoezi hayo akipinda vitenge, hakuona haya kuchangia.

"Mwacheni," alisema. "Mke mwenza huyu hali, havai, hadai ada ya mtoto. Wote wangekuwa hivi ningemtafutia na wa tatu."

Walicheka wote. Elinipa alikuwa anafuta valvu, akaendelea kuzifuta.

Juni alibadilisha kufuli la karakana. Gadiel, aliyekuwa na ufunguo wa akiba, alifika asubuhi ya mazishi akakuta kufuli jipya na mwenye nalo hapatikani. Alipiga siku hiyo kwa tarumbeta la kuazima lililokuwa na valvu inayonata. Waombolezaji waligeuka kumtazama zaidi ya mara moja. Jioni Paskalina alimpigia simu Elinipa, na wote wawili wanayakumbuka mazungumzo hayo kwa namna moja.

"Mama Ezra, umemfungia mume wangu nje?"

"Nimebadilisha kufuli. La zamani limechoka."

"Limechoka kufuli, au umemchoka Gadiel?"

Elinipa akasema lililokuwa moyoni. "Mumeo anakuja kulifundisha besi nisipokuwepo."

"Gadiel?" Paskalina alicheka kwanza. "Gadiel hajawahi kumfundisha hata mbuzi kurudi nyumbani."

Elinipa alimwita Derick ili athibitishe. Hakuthibitisha. Alimweleza kwamba mfumo uliacha kujifunza tangu Januari, ulipomaliza rekodi za Paskalina. Tangu hapo mtu angeweza kuupigia tarumbeta mwaka mzima usiongeze wala kupunguza kitu. Kama besi linampenda Gadiel, lilimpenda kabla hajaingia mlangoni.

Kisha Derick akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. "Mama Ezra, wewe uliwahi kuzisikiliza zile rekodi?"

Hakuwahi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi. Katika kikundi chao msiba hausikilizwi mara mbili. Wakishatoka makaburini na kunawa mikono, muziki wa siku hiyo umeisha. Rekodi ni za wafiwa, na za Paskalina. Derick kwa upande wake alizipitisha zote kwenye mashine kwa mkupuo, akiamini kwamba waliozipiga wanazijua.

Walikaa kuzisikiliza Jumatatu: Elinipa, Derick na Paskalina, aliyekuja kudai kadi yake. Rekodi ya kwanza ilikuwa ya mazishi yaliyofanyika kijijini Akheri. Sauti ya tenor ilijaa chumba. Ilisikika pumzi ya Gadiel akivuta hewa, ikasikika kokoto chini ya kiatu chake, ikasikika sauti ya mwanamke ikinong'ona, "Hapohapo, Baba Princess, shikilia." Kwa mbali sana, kama mtu anayeita ng'ambo ya korongo, lilisikika tarumbeta la soprano.

"Huyo ni mimi," alisema Elinipa.

Wakafungua ya pili, ya tano, ya ishirini. Zote zilikuwa hivyohivyo. Kwa miaka kumi na moja Paskalina alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa mumewe.

Derick alijishika kichwa. Maelezo aliyoyatoa yalikuwa ya kitaalamu na mafupi. Mfumo ulifundishwa kuitafuta sauti inayoongoza na kujibu pale inapovuta pumzi. Katika rekodi hizo sauti inayoongoza ilikuwa moja tu.

"Kwa mfumo, wimbo ni Gadiel," alisema. "Wewe uko kwenye fungu la upepo."

"Fungu la upepo?"

"Upepo, vilio, mbuzi. Vitu tulivyouambia uvipuuze."

Paskalina akaingilia. "Sasa mlitaka nisimame wapi? Mume wangu si ndiye huyo?"

Jioni hiyo Elinipa alimuuliza Hans swali hilohilo, kwa kuwa alikuwepo kwenye mengi ya mazishi hayo. Alikuwa anasimama wapi?

"Nyuma yako," Hans alijibu. "Nimebeba mkoba wako, koti lako na stendi ya nota. Simu ningeishika kwa mkono upi?"

Elinipa anakiri kwamba jibu hilo lilikuwa la haki, na kwamba halikumsaidia.

"Miezi miwili nimemwonea Gadiel wivu kwa ajili ya mashine," anasema. "Siku ile nikaona mashine ni kitu kidogo. Kuna mtu amemsikiliza kwa karibu hivyo miaka yote ile. Yeye mwenyewe hata hajui kama ni bahati. Ukimuuliza atakwambia mke wangu anapenda kushikashika simu."

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kufuta kila kitu na kuufundisha mfumo upya kwa rekodi mpya, maikrofoni ikiwa upande wa soprano. Hiyo ingehitaji harusi na mazishi ya miezi mingi, na tamasha lingepita. Ya pili, Gadiel apige "Zamu". Derick alijaribu njia ya katikati, ya kuipunguza tenor ndani ya rekodi zilezile. Alichopata ni besi lisilomjibu mtu yeyote.

"Futa," Elinipa alimwambia.

Derick hakugusa kitu. Alimwomba afikirie hadi Alhamisi.

Elinipa alizitumia siku hizo kwa namna ambayo anaisimulia bila kujitetea. Alishusha nota za "Zamu", akaazima tarumbeta la tenor lililoletwa karakana kutengenezwa, akajifungia ndani na kupiga kama Gadiel. Alichelewa pale Gadiel anapochelewa. Alivuta pumzi kwa kelele. Alikanyaga kokoto alizozimwaga mwenyewe sakafuni.

"Lilinijibu mistari minne," anasema. "Mstari wa tano likanyamaza. Nikasema, sawa, umenijua."

Asubuhi iliyofuata alikwenda Ngaramtoni, kwenye jengo ambalo Gadiel alikuwa anapiga lipu ghorofa ya kwanza.

"Baba Princess, shuka."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Kuna nota."

Gadiel alishuka na vumbi lake la saruji, akazishika karatasi kwa ncha za vidole. "Mbona hii ni ya soprano?"

"Nimeishusha. Sasa ni ya tenor."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa na watu."

Gadiel alizirudisha karatasi. "Mama Ezra, mimi si mtu wa kusimama mbele. Niache hukuhuku pembeni."

"Najua si wa mbele. Ndilo linaloniuma zaidi. Shika."

Akazishika. Elinipa akampa na ufunguo wa kufuli jipya, akamwambia kwamba siku ya yale mazishi alimkosea. Gadiel aliugeuza ufunguo mkononi, akasema kufuli lenyewe ni zuri, amelipata duka gani.

Hivyo ndivyo Gadiel alivyofika karakana Jumamosi hii. Tamasha limekaribia. Elinipa amerudi ndani na beseni lake, ameketi kwenye kibao, hana tarumbeta mkononi, nota ziko magotini. Derick yuko kwenye kompyuta. Paskalina amekuja na chombo cha loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, na ameegemea mlango.

Gadiel anaanza. Anapofika kisanduku cha kwanza anaachia, na besi linaingia. Linatii masharti. Halirudii, halipandi, na kwenye sauti ndefu linashuka hadi vioo vya dirisha vinatetemeka. Mpita njia mmoja anasimama nje, ndoo kichwani, hadi kipande kinaisha.

Elinipa hapigi makofi. Penseli yake imesimama kwenye mstari wa nane.

"Baba Princess, hapa umechelewa."

"Besi limenisubiri."

"Ndicho ninachokisema. Limekudekeza. Siku ya tamasha nataka uingie panapoandikwa, si pale unapojisikia."

"Sawa, mwalimu."

"Tena huku mwisho umebana pumzi. Nimeitunga hii kwa mapafu yangu, si ya kwako. Weka alama, uvute hapa."

Gadiel anaweka alama. Wanarudia. Safari hii anaingia panapotakiwa, na besi linamjibu vizuri kuliko mwanzo. Elinipa anatazama sakafu.

Ratiba ya tamasha imeshachapwa. Jina la mtunzi liko juu, la mpigaji chini yake. Waandaaji walimuuliza Elinipa kama anataka kusema maneno machache kabla ya wimbo kuanza. Alikataa. Anasema akishika maikrofoni hana hakika atasema nini.

Mpango wake ni wa baada ya Agosti. Amekwishakubaliana na Derick kwamba wataanza mfumo mwingine kuanzia sifuri, ambao hautakula hata rekodi moja ya zamani. Besi la kuufungia wamelipata, limetupwa na usharika mmoja wa Tengeru. Harusi za Desemba ndizo zitakuwa darasa lake la kwanza. Elinipa atapiga soprano, na kinachorekodi kitakuwa hatua moja kutoka kwake.

"Nitakuja nishike mimi hiyo simu," anasema Paskalina kutoka mlangoni. "Ila nakuonya mapema, mume wangu akianza nitageuka."

"Wewe ubaki na loshoro yako. Atashika Derick."

"Haya. Na la pili nalo lisipokujibu?"

Gadiel anajifanya anafuta tarumbeta. Elinipa anazipanga karatasi za "Zamu" magotini, anazigonga kingo zake hadi zinalingana.

"Basi nitajua ni mimi," anasema. "Kwa sasa bado naweza kusema ni simu yako."